Shajara ya waridi la jangwani: kulikuza kwa mbegu katika boma lenye mbuzi

Waridi la jangwani (Adenium obesum) ni mmea wa kwetu. Huota wenyewe kuanzia Senegal, ukafuata ukanda wa Sahel hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ng'ambo ya bahari ukaingia Rasi ya Arabuni. Hapa Taita Taveta, pande za Voi, unaupata kwenye mawe na udongo mwekundu. Kiangazi kikikolea, matawi yake hayabaki na jani hata moja, lakini ncha zake hujaa maua ya waridi. Wengi hudhani ni ua la kigeni kwa sababu yale ya petali nyingi yanayouzwa mjini yanatokana na kazi ya wazalishaji wa Thailand na Taiwan.

Nina malengo mawili. La kwanza ni kuotesha miche kwa mbegu, ili anayetaka ua hili nyumbani asiende kung'oa la porini. Mmea wa porini wenye shina nene umekua kwa miaka mingi, na nimeona mingi ikioza ndani ya miezi michache baada ya kung'olewa kwa kuwa mizizi ilikatwa ovyo na kufukiwa ikiwa bado mibichi. La pili ni kuona kama linaweza kulimwa mahali mifugo inapopita. Mizizi, shina, majani, maua na mbegu, vyote vina sumu inayoshambulia moyo, ya kundi moja na ile ya oleanda, kichaka cha maua kinachopandwa bustanini. Wawindaji wa zamani walichemsha utomvu wake wakapaka mishale. Sisi tunafuga mbuzi, na majirani pia.

Gharama zote ni kwa shilingi za Kenya.

18 Februari 2023: Mbegu

Misimu mitano ya mvua imepotea mfululizo tangu vuli ya 2020. Mahindi hakuna, nyasi hakuna, na waridi la jangwani limechanua kwenye miamba iliyo mpakani mwa shamba letu. Humo ndimo nilimotoa mbegu, kwenye mimea mikubwa iliyo ndani ya mpaka wetu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo hairuhusiwi kung'oa wala kuchukua chochote, na nje ya hifadhi ardhi ina wenyewe.

Maganda ya mbegu huja mawili mawili, yameshikana chini na kuachana juu kama pembe za ng'ombe. Yakiwa mabichi hayana haraka, lakini yakishageuka rangi kuwa ya kijivu hupasuka upande mmoja na upepo ukabeba kila kitu. Mbegu ni kijiti chembamba cha hudhurungi chenye shungi la nywele kila ncha, kwa hiyo huruka mbali. Maganda ya kwanza niliyakuta matupu. Yaliyobaki niliyafunga kwa vipande vya chandarua kikuukuu na uzi, bila kukaza, nikayaacha yapasuke humo. Hii ndiyo njia ya kufuata, na haigharimu kitu.

Usiziweke mbegu muda mrefu. Zikiwa mpya huota karibu zote, na kadiri miezi inavyopita ndivyo zinavyokufa.

11 Machi 2023: Awamu ya kwanza imeota

Nilitumia mabeseni ya zamani yaliyotobolewa chini, udongo mwekundu wa shamba, samadi ya mbuzi na mchanga kidogo. Mbegu nililoweka usiku mmoja, nikazilaza ubavu, nikazifunika kwa mchanga laini wa milimita mbili tatu. Siku ya tano zilianza kutokeza na kabla ya wiki kwisha beseni zote zilikuwa za kijani. Joto la Voi linatosha kabisa. Hakuna haja ya kufunika kwa nailoni.

22 Aprili 2023: Miche imelala

Zaidi ya nusu imekufa. Mche husimama vizuri asubuhi, jioni umelala, na ukiutazama karibu unakuta shina limenyong'onyea pale linapogusana na udongo. Ni ukungu wa udongoni, na nilikuwa nimeuandalia kila kitu: samadi ambayo haijaoza vizuri, udongo unaoshika maji, na kumwagilia kila jioni kwa kuhofia kiangazi.

Awamu ya pili nimebadilisha hivi. Mchanga wa mto sehemu tatu, chenga za makaa sehemu moja, udongo mwekundu sehemu moja, samadi hakuna kabisa hadi mche utimize miezi mitatu. Mchanganyiko wote niliumwagia maji yanayochemka, nikauacha upoe siku nzima kabla ya kupanda. Maji sasa ni asubuhi tu, na beseni naliweka ndani ya karai lenye maji kidogo linywe kutoka chini, kisha nalitoa. Udongo ukiwa bado na unyevu chini ya kidole, sitii maji hata kama juu pamekauka.

Iliyokufa katika awamu hii ni michache mno. Kama unasoma ili uanze mwenyewe, ruka awamu ya kwanza uanzie hapa.

Gharama hadi sasa: mchanga mikokoteni mitatu 900, chenga za makaa magunia mawili 300.

19 Agosti 2023: Mifukoni

Miche imehamishiwa mifuko ya miche (mia mbili kwa 800), chini ya neti ya kivuli (900). Shina limeshaanza kunenepa chini. Hili ndilo jambo linalofanya mbegu ishinde tawi la kukata na kupanda: tawi lililokatwa na kupandwa hutoa mizizi, hukua na kuchanua, lakini huchelewa sana kupata shina nene la chini, na mara nyingi halipati lile la mviringo ambalo watu wanalitaka.

Nimenunua glavu mbili (300). Utomvu ukiingia machoni au kwenye kidonda ni hatari, na watoto wa nyumbani wameshaambiwa kwamba kitalu si mahali pa kuchezea.

25 Novemba 2023: El Niño

Ua linalovumilia miaka ya ukame limekufa kwa maji. Mvua za vuli zilikuja na El Niño, zikanyesha usiku na mchana, na neti ya kivuli haizuii tone. Mifuko ilijaa maji kwa sababu matundu ya chini yalizibwa na udongo wa ardhini. Dalili ya kwanza ni majani ya chini kuwa ya manjano, jambo ambalo kila mtu analichukulia kuwa ni kiu. Sikulitegemea hilo tena. Nilipita nikibonyeza kila shina kwa kidole gumba: zima ni gumu, lililooza hubonyea na likizidi hutoa maji ya hudhurungi yenye harufu.

Yaliyobonyea niliyang'oa yote. Kwa kisu kilichopitishwa motoni nilikata sehemu iliyooza hadi nikafikia nyama nyeupe isiyo na doa hata dogo. Doa likibaki, kazi yote ni bure. Nimelishuhudia hilo kwenye mimea niliyoionea huruma nikakata kidogo. Kidonda nikakipaka unga wa makaa, nikaiweka mimea kivulini, mahali pakavu penye hewa, hadi ngozi mpya ikafunga juu ya kidonda. Wiki mbili kwa mashina manene. Kisha nikapanda kwenye mchanga mkavu na sikutia maji hadi machipukizi yalipoonekana. Niliokoa kama theluthi ya yaliyooza.

Mifuko sasa imepandishwa juu ya mawe, na juu yake nimeweka mabati (mawili mapya 1,900, mengine yalikuwepo) yanayoweza kusogezwa. Mvua ikitanda, mabati yanavutwa. Jua likitoka, yanarudishwa, kwa kuwa mmea huu ukikosa jua hurefuka na kulegea.

10 Februari 2024: Ardhini

Mimea mikubwa imepandwa nje, kwenye tuta la mawe na mchanga lililoinuliwa hadi magotini, upande wa mteremko (mchanga na kusomba mawe 2,600). Wakati wa kuhamisha niliinua kila shina vidole viwili juu ya lilipokuwa, ile sehemu nene ionekane na isilale kwenye unyevu. Mizizi iliyojeruhiwa niliiacha ikauke siku kadhaa kabla ya kufukia.

Ua wa kuzuia mifugo ndio uliomeza fedha: wavu wa seng'enge marobota matatu 14,400, nguzo ishirini na nne 8,400, fundi 4,000. Nilishauriwa nipande miiba badala yake, lakini ua wa miiba huchukua misimu kadhaa kufunga, na mbuzi hasubiri.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimelifikiria hadi mzee jirani aliposimama juu ya tuta akaonyesha kwa bakora. Birika la kunyweshea mifugo lilikuwa chini ya mteremko huohuo. Mvua ikinyesha, majani na maua yaliyoanguka yangesombwa hadi kwenye maji ya kunywa. Birika limehamishiwa upande wa juu, na mfereji mdogo umechimbwa kuzunguka tuta.

18 Mei 2024: Viwavi

Mvua za masika mwaka huu nazo zilikuwa nzito, lakini tuta limemwaga maji vizuri na hakuna kilichooza. Tatizo lilikuja kwa miguu. Asubuhi moja mimea miwili haikuwa na majani. Nilianza kumshuku mbuzi, ila ua ulikuwa mzima, na chini ya mmea kulikuwa na chembe nyeusi za mavi makubwa kuliko ya panya.

Ni kiwavi wa nondo mkubwa wa oleanda (Daphnis nerii). Ni mnene kama kidole, wa kijani, ana madoa mawili ya buluu na nyeupe karibu na kichwa yanayofanana na macho, na akiguswa huyatuna. Sumu inayomwangusha mbuzi haimdhuru. Mchana hujibanza chini ya matawi na rangi yake humficha; usiku ukipita na tochi unamwona waziwazi. Tuliwaokota kwa mkono jioni kadhaa mfululizo, tukamaliza. Mmea wenyewe huchipua tena ndani ya wiki tatu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuingiwa na hofu.

Dukani nilipewa dawa kali ya kuua wadudu wote. Sikuinunua. Nyuki wanakuja kwenye tuta hilo, na kuku wetu wanaparua pembeni. Nilichukua mafuta ya mwarobaini (650) kwa ajili ya vidukari vya manjano vilivyojazana kwenye ncha changa, nikayachanganya na sabuni ya maji kidogo. Mara ya kwanza yalipulizwa saa tano asubuhi na jua likaunguza majani yote yaliyolowa. Puliza jua likishazama. Viwavi wakubwa hawaisikii dawa hii. Ni kwa vidukari na viwavi wachanga tu.

27 Julai 2024: Tembo

Tembo walipita usiku wakielekea tangi la maji, wakalaza nguzo tano. Kurekebisha: 3,200. Hadi fundi alipofika zilipita siku tatu, na mbuzi wetu na wa jirani waliingia tutani mara kadhaa. Nilikaa nao nikiwatazama. Walikula nyasi zilizoota katikati ya mawe, wakapita kando ya waridi wakinusa, mmoja akauma jani akalitema. Mmea huu ni mchungu, na mnyama aliyekulia huku anaujua. Nililiandika hilo kwa furaha. Shajara ya Oktoba inaonyesha linaishia wapi.

31 Agosti 2024: Maua

Mimea ya awamu ya pili imechanua, miezi kumi na sita tangu mbegu. Mingi ni ya waridi iliyokolea ukingoni na nyeupe kooni, michache ni ya waridi tupu. Ile iliyobaki kivulini kitaluni haina hata kifumba kimoja.

12 Oktoba 2024: Mbuzi wa jirani

Ukisoma sehemu moja tu ya shajara hii, soma hii.

Maua yalipokwisha tulikata matawi marefu ili mmea utoe matawi mengi zaidi. Matawi yalirundikwa nje ya ua, kando ya njia ya mifugo, tuyafukie jioni jua likipoa. Siku hiyo ilikuwa ya joto kali na kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu njiani. Saa nane mchana kijana anayechunga mbuzi wa mzee jirani alikuja mbio.

Majike mawili yalikuwa yamekula. Mmoja alisimama kichwa chini, mate yanamtoka, anaharisha, masikio ya baridi. Wa pili alikuwa amelala ubavu na anahema kwa taabu. Tulitaka kumbeba hadi zizini. Daktari wa mifugo, tuliyempata kwa simu, alikataza kabisa: asiburutwe, asiswagwe, asitishwe, kwa sababu moyo wake hauendi sawa na purukushani ndiyo itakayomuua. Tukawajengea kivuli cha turubai hapohapo walipo, tukafukuza mbwa na watoto.

Alipofika alisikiliza mioyo kwa muda mrefu. Aliwanywesha mkaa maalumu wa dawa uliokorogwa kwenye maji, kwa mpira hadi tumboni, ili unase sumu ambayo bado haijaingia mwilini. Dawa ya kuiondoa ile iliyokwisha kuingia hakuwa nayo. Aliyelala alikufa kabla ya magharibi. Vijana walikuwa wameshaleta kisu wamchinje angali hai nyama isipotee, na daktari akasimama kati yao na mbuzi: nyama ya mnyama aliyekula sumu ya moyo hailiwi na mtu wala mbwa. Alizikwa shimo refu. Yule wa pili alikaa chini ya turubai siku tatu, akaletewa maji na majani hapohapo, akapona.

Nilikwenda kwa mzee jioni ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia nitalipa mbuzi na daktari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbuzi wangu wamepita kwenye maua hayo mwaka mzima hawajayagusa. Leo mmewakatia mkawawekea njiani."

Ndivyo ilivyokuwa. Mmea uliosimama una ukali unaomfukuza mnyama. Tawi lililokatwa likanyauka juani hupungua ukali ule mdomoni, huchanganyika na majani makavu mengine chini, na sumu hubaki palepale. Mnyama mwenye njaa ya kiangazi hana nafasi ya kuchagua. Ua wangu wote wa 26,800 ulikuwa unalinda upande usio na hatari kubwa, na hatari tuliitoa nje kwa mikono yetu.

Taratibu mpya, na hazina ruhusa ya kuvunjwa na yeyote:

Kukata ni juu ya turubai lililotandikwa ndani ya ua. Kila kipande, hata jani, huingia kwenye turubai, na turubai humwagwa kwenye shimo la kina cha mita moja lililo ndani ya ua huohuo na lenye mfuniko wa bati (kuchimba 1,500). Udongo hutiwa juu siku hiyohiyo. Hatuchomi matawi wala hatuyatumii kuni. Moshi wa oleanda unajulikana kudhuru, na huu ni ukoo mmoja. Majani yanayopukutika kiangazi hufagiliwa kila wiki kabla upepo haujayatoa nje ya wavu. Vyombo vya kukatia havitumiki kukatia majani ya mifugo.

Nilifikiria kuhamishia ukataji wakati wa mvua, nyasi zikiwa tele na mbuzi wameshiba. Haifai. Kidonda kibichi kikipata mvua huoza hadi kwenye shina. Basi tunakata kiangazi kwa faida ya mmea, na shimo liko tayari kabla kisu hakijashikwa.

Gharama: mbuzi 8,000, daktari na dawa 3,000. Mzee alikataa zaidi ya hapo.

8 Februari 2025: Kiangazi bila maji

Vuli ya 2024 ilikuwa hafifu. Mimea ya tutani haijapata tone kutoka kwangu tangu Desemba. Imepukutisha majani, shina limesinyaa kidogo, ngozi imeingia mikunjo, na hiyo si dalili mbaya: inatumia maji iliyoyaweka. Mgeni mmoja alinisihi niimwagilie kwa huruma. Tofauti ya kukauka na kuoza ni ile ya kidole gumba: shina lililosinyaa kwa kiu hubonyea sawasawa pande zote na ngozi yake ni kavu, lililooza hubonyea mahali pamoja na huwa na unyevu. La kiu likipata maji hujaa ndani ya siku chache.

Ya mifukoni inahitaji maji kidogo, mara moja kila wiki mbili hivi, kwa sababu mfuko ni mdogo na bati huongeza joto.

26 Aprili 2025: Kuchavusha kwa mkono

Tuta lilichanua sana Februari na Machi, na halikutoa ganda hata moja. Nyuki wanatua lakini hawafiki panapotakiwa. Nilianza kwa brashi ndogo ya rangi (150) nikisugua juu ya koo la ua, siku nyingi, bila matokeo. Ilinibidi nipasue ua nilitazame ndani.

Ndani ya kikombe cha ua, vichwa vya chavua vimeshikamana vikafanya koni iliyofungwa, na kutoka kileleni mwake hutoka nyuzi ndefu zenye manyoya. Chavua iko ndani ya koni hiyo, juu. Sehemu inayopokea chavua nayo iko ndani, chini zaidi. Kusugua nje ya koni ni sawa na kutofanya kitu.

Njia iliyofanya kazi: chuma ua la mmea mmoja, chana kikombe chake kwa wembe, tenganisha kichwa kimoja cha koni kwa pini na utaona unga wa manjano hafifu unaonata. Uchukue kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholoweshwa kidogo. Kwenye ua la mmea wa pili, ambalo halijachumwa, chana kikombe upande mmoja tu, ingiza kijiti katika ufa kati ya vichwa viwili, chini, kisha kisukume juu polepole ili chavua ibaki ndani. Mimea iwe tofauti. Chavua ya mmea uleule karibu kila mara haishiki. Fanya asubuhi, ua likiwa na siku moja au mbili tangu lifunguke. Lililoshika halidondoki na ua lenyewe, na baada ya wiki mbili unaona vipembe viwili vya kijani.

Mengi ya maua niliyoyashughulikia hayakushika. Yaliyoshika yanatosha: kila ganda lina mbegu kadhaa, na sihitaji tena kugusa mimea ya mwambani.

16 Agosti 2025: Maganda, mauzo, hesabu

Maganda ya kuchavusha kwa mkono yamekomaa yakiwa yamefungwa chandarua, na mbegu zake zimepandwa wiki hii kwa mchanganyiko wa awamu ya pili.

Mimea arobaini na sita imeuzwa kwa 300 kila mmoja, na tisa iliyokwisha kuchanua kwa 800. Jumla 21,000. Matumizi yote tangu Februari 2023, pamoja na mbuzi, ni 51,000, bila kuhesabu kazi ya mikono yetu wenyewe. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ni ua wa wavu, ambao hautajengwa mara ya pili isipokuwa tembo waamue vingine. Anayelima mahali pasipo na mifugo anaweza kuanza kwa chini ya 10,000.

Kila mnunuzi huniuliza bei, nami namuuliza kwanza kama anafuga, na wanyama hulala wapi. Anayefuga huonyeshwa shimo letu na huambiwa habari ya Oktoba. Wiki iliyopita mtu mmoja alitaka mimea ishirini kuzungushia zizi la wazi, ndama na mbuzi wakiegemea humo kutwa. Sikumuuzia. Alikasirika, na nilimwelewa, lakini ng'ombe aliyefungwa karibu na mmea huu siku tatu bila majani atautafuna hata ukiwa mchungu.

Lodge moja ya karibu imeomba mimea ya kupanda langoni. Wamekubali masharti mawili: matawi yatakayokatwa yafukiwe humohumo, na wasinunue tena yale ya kung'olewa porini. Nitapeleka ya kwanza baada ya mvua za vuli, yale yaliyo na shina gumu pekee, na hapo ndipo nitakapoandika tena, pamoja na matokeo ya mbegu mpya. Pia najaribu kupunguza ua wa wavu kwa kupanda waridi juu ya miamba mirefu ambayo mbuzi wetu hawapandi. Miche kumi na miwili iko huko sasa, kwenye nyufa zenye udongo wa kiganja kimoja, bila neti, bila bati na bila maji yangu.